Redio moja, majina manne: ugumu wa kubatiza kituo cha Mwanza

Mtu anayetaka kufungua kituo cha redio Mwanza huanza na jina. Mitambo bado haijaagizwa, mnara haujapata kiwanja, mtangazaji hata mmoja hajaajiriwa, lakini jina lipo na nembo imeshachorwa. Kuanza hivyo hakuna ubaya. Matatizo huja baadaye, kwa sababu anaposema "jina" anadhani ameshika kitu kimoja, kumbe ameshika vinne: jina la kampuni yake, jina lililo kwenye leseni, jina linalotamkwa hewani, na jina ambalo msikilizaji ataliandika kwenye simu akikitafuta kituo. Kila moja lina mlinzi wake na kanuni zake. Anayedhani kwamba ukipata moja umepata yote huja kuilipia dhana hiyo.

Nitayafungua, ila si kwa uzito sawa. La hewani ndilo lenye mambo mengi, na mimi naamini ndilo mali halisi ya kituo. Jengo ni la kupanga, watangazaji wanahama, mitambo inachakaa. Kinachobaki kichwani mwa mama anayeanika dagaa Igombe ni namna kituo kinavyojiita.

Wakati jina halikuwa na kazi

Matangazo ya redio Tanganyika yalianza 1 Julai 1951, kituo kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 shirika likavunjwa, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, idara ya serikali. Tangu 2007 tunaijua kama TBC. Katika miaka yote ile ya kituo kimoja, mtu wa Magu au Misungwi hakuhitaji kutaja redio kwa jina. Alisema "washa redio tusikie habari" na hakuna aliyeuliza ipi. Kituo kilijulikana kwa sauti zake: mdundo wa ngoma kabla ya taarifa ya habari, msomaji mwenye Kiswahili kilichonyooka, kadi za salamu zinazosomwa jina baada ya jina. Wapo wazee ambao mpaka leo wanaiita Redio Tanzania, na huwezi kuwalaumu, maana jina lililobadilishwa ofisini halihami lenyewe mdomoni mwa mtu.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi. Radio One ikaingia hewani Dar es Salaam mwaka 1994, na haukupita muda Mwanza nayo ikapata Radio Free Africa, ya kampuni ya Sahara iliyoanzishwa na Anthony Diallo. Hapo ndipo jina likaanza kazi, kwa sababu msikilizaji sasa alikuwa na pa kuhamia.

Radio Free Africa inafaa kutazamwa kwa makini. Kituo kilikuwa Mwanza, mbali na makao ya serikali na mbali na wenye fedha za matangazo, lakini jina halikutaja Mwanza wala ziwa. Lilitaja bara zima. Na kilikuwa na cha kusimamia jina hilo: mbali na FM kilirusha matangazo kwenye masafa ya kati, kilohezi 1377, na masafa ya kati husafiri mbali, hasa usiku. Kama kingekuwa na mtambo mdogo wa kufika Kisesa tu, jina lile lingekuwa kubwa kuliko mwili. Watu wakalifupisha, wengine "Redio Free", wengine herufi tatu tu, RFA. Kampuni hiyohiyo ikaweka Kiss FM pembeni kwa ajili ya vijana, badala ya kulilazimisha jina moja libebe taarifa ya habari ya mzee na muziki wa mjukuu wake. Uamuzi huo wa kugawa majina ulikuwa wa busara, na bado naona vituo vidogo vinaukwepa kwa kuogopa gharama.

Lugha ni moja, kwa hiyo jina linabeba zaidi

Hapa pana jambo ambalo haliguswi sana watu wanapozungumzia redio za Kanda ya Ziwa, nalo ndilo linaloifanya kazi ya jina huku iwe nzito kuliko ng'ambo.

Vuka mpaka uende Kisumu. Utakuta Radio Nam Lolwe, inayotangaza kwa Kiluo na iliyochukua jina ambalo Waluo wenyewe wanaliita ziwa. Utakuta Radio Lake Victoria, palepale Kisumu, maji ni yaleyale. Kampala kuna CBS ya ufalme wa Buganda, inayotangaza Kiluganda. Vituo vya namna hii vinajieleza kwa lugha kabla hata ya kutaja jina. Mtangazaji akifungua kinywa, msikilizaji ameshajua kwamba redio hii ni yake.

Tanzania utaratibu ni mwingine. Utangazaji unatakiwa uwe kwa Kiswahili au Kiingereza, hivyo kituo cha Mwanza hakiwezi kujitofautisha kwa kutangaza Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Kinatumia Kiswahili kilekile kinachotumiwa na vituo vikubwa vya Dar es Salaam, na vituo hivyo navyo vinasikika Mwanza kwa masafa ya hapahapa. Clouds, Wasafi na EFM zipo kwenye sabufa ileile iliyo kwa kinyozi wa Mabatini. Kwa hiyo ule u-hapa, hisia kwamba redio hii inaijua barabara yangu na soko langu, lazima utoke kwingine: kwenye lafudhi, kwenye muziki, kwenye habari, na kwanza kabisa kwenye jina.

Siungi mkono wala sipingi kanuni ya lugha hapa, hiyo ina makala yake. Ninachosema ni kwamba ukishaikubali kuwa ndiyo hali, huwezi tena kuchukua jina la kishua la Kiingereza ambalo lingeweza kuwa la kituo cha mji wowote duniani, kisha ushangae kwa nini watu wa Igoma hawakuoni kama ni wao.

Tazama namna wenye vituo wa kanda hii walivyolijibu swali hilo. Wengine wameshika mahali: Sengerema ina redio yenye jina la Sengerema, Mwanza ina Lake FM, Musoma ina Victoria FM. Wengine wameshika kazi wanayoifanya, kama Afya Radio ya Mwanza na Mazingira FM ya Bunda. SAUT FM imebeba jina la chuo kikuu chake cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe. Kwa Neema inajitangaza kuwa ya waumini kabla hujasikia wimbo. Jembe FM imechukua chombo kilicho nyuma ya mlango wa kila nyumba ya mkulima, nami nalipenda jina hilo waziwazi: silabi mbili, hakuna mkulima wala mwanafunzi anayeliuliza maana yake, na mtu hodari Tanzania anaitwa jembe, kwa hiyo sifa imo ndani. Ngara, mbali kidogo na ziwa, Radio Kwizera ilianzishwa 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ikachukua jina lenye maana ya matumaini, ambalo Mnyarwanda na Mrundi aliyekuwa kambini angelielewa papo hapo. Waanzilishi walijua wanazungumza na nani.

Jina la mahali lina uzuri na lina mtego. Uzuri wake ni kwamba msikilizaji hahitaji kufundishwa. Mtego ni kwamba mahali hubadilika. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ulizaliwa, sehemu yake ikiwa imemegwa Mwanza, na Simiyu ikazaliwa mwaka uohuo. Kituo kilichojifunga jina la mkoa kinaamka asubuhi moja na kukuta nusu ya wasikilizaji wake wana mkoa mwingine na mkuu wa mkoa mwingine. Majina ya vipindi ndiyo hupata zaidi ajali hii. Tuseme redio iliwahi kuwa na kipindi cha asubuhi kilichobeba jina la kivuko cha Kigongo, kwa sababu foleni ya magari pale ndiyo ilikuwa habari ya kila siku. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, likafunguliwa. Kipindi kimebaki na jina la foleni ambayo haipo.

Na jina la ziwa je? Linafaa, kwa sharti moja. Ukijiita redio ya ziwa, umeahidi ziwa. Mvuvi wa dagaa anayetoka Ukerewe kuja Mwaloni Kirumba anataka kujua upepo, bei ya gunia jana, na kama wanunuzi wa nje wamefika. Anajua mwezi ukiwa mpevu hakuna kazi, kwa kuwa taa zake hazivuti dagaa usiku wa mbalamwezi, na hizo ndizo siku anazokaa nyumbani na redio. Kituo chenye ziwa kwenye jina lakini kisicho na neno la ziwa kwenye vipindi vyake kinamdai msikilizaji uaminifu ambao chenyewe hakijautoa.

Mdomoni

Jina la redio huishi mdomoni na sikioni, ilhali wengi hulichagua kwa macho. Wanalitazama kwenye karatasi ya mchoraji wa nembo, rangi zimekaa vizuri, herufi zimelala kimtindo, wanapitisha. Hakuna aliyelisema kwa sauti ndani ya haisi ya Buhongwa konda akigonga bati na abiria wawili wakizungumza na simu.

Lisemwe hapo. Jina zuri la redio hupita kwenye kelele bila kurudiwa. Husaidiwa na silabi chache, mbili au tatu, na irabu zilizo wazi, na liwe halifanani na jirani. Kwetu huku kuna jambo la ziada: r na l hubadilishana nafasi midomoni mwa watu wengi, tena watu wenye heshima zao na elimu zao. Si dosari, ni lafudhi ya watu ambao ndio wasikilizaji wako. Jina lenye r na l zilizofuatana litatamkwa namna tatu tofauti katika meza moja ya mgahawa. Vilevile jina la Kiingereza lenye konsonanti zilizobanana mwishoni litaongezewa irabu, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyofanya na kitaendelea kufanya. Basi afadhali mwenye kituo achague jina ambalo likishatamkwa na Msukuma wa Kwimba bado ni lilelile.

Kisha kuna "FM" yenyewe. Herufi hizi mbili zinataja namna ya kurusha mawimbi, hazitaji redio. Zilipata umaarufu baada ya 1993, vituo vipya vilipoanza kuzibeba kwenye majina yao. Leo mtu anasikiliza kwa intaneti akiwa Doha, hakuna FM yoyote hapo, lakini jina bado linamalizia na FM. Kuna washauri wanaosema ziondolewe. Mimi nasema zibaki hewani. Kwa Mtanzania wa kawaida FM imeshakuwa neno la kusema "hii ni redio", na jina fupi la kawaida, kama jembe, linahitaji alama hiyo ili mtu ajue unazungumzia kituo na si shamba. Kwenye nembo na kwenye simu unaweza kuziacha.

Namba inayobadilika

Vituo vingi hushona namba ya masafa kwenye jina na kuiimba kwenye jingo, ule wimbo mfupi wa kukitambulisha kituo. Hoja yao ni ya kweli: sabufa ya nyumbani huonyesha namba tu. Haina nafasi ya jina. Ukitaka mtu akupate, mpe namba. Kitochi nacho ni hivyohivyo, ingawa simu nyingi za aina hiyo humruhusu mwenyewe kukihifadhi kituo kwa jina. Omba siku moja kuona orodha ya vituo kwenye kitochi cha mlinzi au bodaboda. Utajifunza mengi kuhusu jina lako, maana ameliandika kama alivyolisikia.

Shida ya namba inaanza kituo kikikua. Ukipata mtambo wa pili Geita na wa tatu Kahama, kila mtambo una masafa yake, na jingo iliyotengenezwa kwa fedha nyingi inamdanganya msikilizaji wa nje ya Mwanza.

Kwenye gari ni vurugu zaidi. Magari mengi ya mitumba yanayoingia nchini yalitengenezwa kwa soko la Japani, ambako redio za gari kwa miaka mingi zilisoma FM kuanzia 76 hadi 90 tu. Kwetu FM inakwenda kuanzia 87.5 hadi 108. Ili dereva asikie vituo vya juu, fundi hufunga nyuma ya redio kifaa kidogo kinachoshusha masafa. Kifaa kikishusha kwa 20, kituo cha 104.1 kitaonekana 84.1 kwenye kioo. Kifaa kingine kinashusha kwa kiwango kingine. Kwa hiyo unaimba 104.1 kutwa nzima, na dereva wa teksi pale uwanja wa ndege anakufahamu kwa namba ambayo hujawahi kuisikia. Anachoweza kumwambia abiria ni jina, kama analo.

Redio za gari zilizotengenezwa kwa masoko mengine, na nyingi za kioo kikubwa zinazofungwa upya, zinaweza kusoma mfumo wa RDS, ambao huleta jina la kituo kwenye kioo kama mtambo wako unaurusha. Hapo una nafasi 8 tu, pengo la katikati likihesabiwa. JEMBE FM inaingia kamili, herufi ya mwisho ikikaa ukingoni. METRO FM nayo inaingia. Jina la herufi 15 litakatwa, au mafundi watalifanya litembee vipandevipande, jambo ambalo linamsumbua dereva na mfumo haukukusudiwa hivyo. Kuna sehemu nyingine ya maandishi marefu, hadi herufi 64, lakini si kila redio huionyesha. Mwenye kituo anayebatiza leo aijue namba 8 kama anavyoijua namba yake ya simu.

Kwenye simu

Sasa jina la nne. Msikilizaji amesikia, amependa, anataka kukutafuta. Anaandika alichosikia. Kama jina lako ni la Kiswahili linaloandikwa kama linavyotamkwa, amefika. Kama ni la Kiingereza lenye tahajia isiyofuata sauti, ataandika kwa sauti na atapotea, au atapata kituo cha nchi nyingine chenye jina hilohilo. Majina kama City, Metro, Kiss na Capital yapo katika nchi nyingi, na Nairobi kuna Capital, Kampala kuna Capital. Hewani hawagongani kwa kuwa mawimbi ya FM hayafiki huko. Kwenye intaneti wote wako chumba kimoja.

Neno la kawaida sana la Kiswahili nalo lina tabu yake hapa. Ukijiita kwa neno ambalo watu hulitafuta kwa mambo mengine, utazikwa chini ya mambo hayo. Ndiyo maana katika simu ni vizuri jina liambatane na kitu kingine kisichobadilika, mji kwa mfano, hata kama hewani hausemwi.

Kuhusu akaunti, nitasema kwa kifupi kwa kuwa dawa yake ni fupi. Mara nyingi ukurasa wa kituo hufunguliwa na kijana mmoja mchangamfu kwa namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake. Siku akihamia kituo kingine, ukurasa wenye wafuasi wote unabaki mkononi mwake, na wakati mwingine hana nia mbaya, amesahau tu nywila. Kurasa zote zifunguliwe kwa barua pepe ya kituo na laini iliyosajiliwa kwa kampuni. Jina la tovuti lenye mwisho wa .tz lilipiwe na kampuni, si na mtu.

Karatasi

Tumefika kwenye majina mawili ya ofisini, na hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko kote.

Mwenye kituo huenda BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, akasajili kampuni au jina la biashara. Anapata cheti. Anarudi nyumbani akiamini jina ni lake milele. Cheti kile kinasema kwamba yupo na anafanya biashara kwa jina hilo. Hakimpi nguvu kamili ya kumzuia mwingine kuitumia sauti ya jina lake sokoni. Nguvu hiyo inatokana na usajili wa alama ya biashara na huduma, ambao nao unafanywa BRELA lakini kwa sheria nyingine, ile ya 1986, na kwa fomu nyingine na ada nyingine. Alama ikisajiliwa hulindwa miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina ofisi yake, na aliyesajili Bara hajasajili Zanzibar.

Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma. Utangazaji uko daraja la 38, burudani na elimu daraja la 41, matangazo ya biashara daraja la 35. Kituo kinachoandaa pia matamasha pale Kirumba na kuuza fulana kinahitaji kufikiria zaidi ya daraja moja. Na jina linalotaja mahali tu, au linaloeleza tu kazi, ni gumu kulifanya mali ya mtu mmoja, kwa sababu wengine nao wana haki ya kutaja mji wao na kazi yao. Hapa sheria inavuta upande mmoja na msikilizaji upande mwingine: jina la mahali linapendwa haraka na linalindwa kwa shida, jina la kubuni linalindwa kwa urahisi na linapendwa polepole. Njia ya kati ambayo mimi naiona inafaa ni neno la maisha ya hapa lililotolewa mahali pake pa kawaida. Jembe si neno la utangazaji. Ndiyo maana linatofautisha.

Leseni ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010. Leseni inakupa ruhusa ya kurusha matangazo katika eneo lililotajwa: kitaifa, kimkoa, kiwilaya au kijamii. Wapo wanaochagua jina kubwa la kitaifa wakiwa na leseni ya wilaya. Jina halipanui leseni. Na ukitaka kutangaza kwa intaneti, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020, nazo zinakuhusu. Kabla ya kubadili jina la hewani, hakikisha mamlaka inajua, usije ukawa unajitambulisha kwa jina ambalo kwenye jalada lako halipo.

Majina ya vipindi pia yasajiliwe au angalau yaandikwe kwenye mkataba wa mtangazaji. Mtangazaji anayependwa akiondoka huondoka na sauti yake, hilo ni haki yake. Kama jina la kipindi halikuandikwa popote, ataondoka nalo, na wasikilizaji watamfuata kwa sababu wengi hukumbuka kipindi kuliko kituo.

Fedha hupita kwenye kumbukumbu

Hilo la mwisho lina bei. Mashirika makubwa yanayonunua matangazo huamua kwa kutazama tafiti za wasikilizaji, na tafiti nyingi huuliza kwa simu au ana kwa ana: jana ulisikiliza redio gani? Hakuna mashine masikioni mwa watu. Kinachohesabiwa ni jina ambalo mtu amelitaja. Akisema "ile ya yule kaka anayechekesha asubuhi", mtafiti hana pa kuandika. Vituo viwili vikiwa na majina yanayokaribiana, mtu hutaja kile kikubwa anachokijua zaidi, na masaa aliyokupa wewe yanaandikwa kwa mwenzako. Ndiyo maana kujitambulisha mara kwa mara hewani si majivuno ya mtangazaji. Kila baada ya wimbo, kila baada ya tangazo, na saa kamili bila kukosa, jina lisemwe lote, kwa namna ileile, na kila mtangazaji. Kituo ambacho mtangazaji wa asubuhi anakiita kwa kifupi, wa mchana kwa jina la utani na wa usiku kwa kaulimbiu ya Kiingereza kina majina matatu dhaifu.

Kuhusu kaulimbiu: zinapendwa mno. Zile zinazosema "namba moja" au "bora kuliko zote" hazina kazi, kwa kuwa kila mtu anazo. Inayofaa ni ile inayotaja nani anasikiliza au anapata nini.

Ukilazimika kubadili

Kuna wakati jina lazima libadilike: mmiliki mpya, mgogoro wa alama, au jina lilikuwa baya tangu mwanzo. Kosa la kawaida ni kubadili kila kitu Jumatatu asubuhi. Jina jipya, sauti mpya, muziki mpya, watangazaji wapya. Msikilizaji wa Nansio anawasha redio mahali alipoizoea, hasikii chochote anachokijua, anadhani kituo kimefungwa, anasogea. Hapaswi kulaumiwa.

Badili kimoja, shikilia vingine. Sauti za watangazaji na mpangilio wa vipindi vibaki kwa miezi kadhaa huku majina mawili yakitajwa pamoja, la zamani likifuata jipya. Masafa yasiguswe. Kisha la zamani litoke polepole, kwanza kwenye jingo, mwisho kwenye kurasa za simu, na hata likitoka, usiiachie tovuti yake. Iache imwelekeze mtu kwenye jipya, kwa sababu kuna watakaolitafuta miaka mingi baadaye.

Na kabla ya kuchapa stika au kulipa studio ya jingo, peleka jina stendi ya Nyegezi saa za jioni. Mpigie mtu aliye huko, mtamkie mara moja tu kukiwa na kelele, mwombe alirudie, halafu aliandike kwa ujumbe na akutumie. Fanya hivyo kwa mkata tiketi, mama ntilie, mwanafunzi na dereva wa lori linalokwenda Sirari. Zipange jumbe zao pamoja uzisome kabla hujarudi kwa mchoraji wa nembo.